Tazama seli kabla ya jeli: ushauri kwa anayeanza kazi na kinasi ya Cdc7

Wanafunzi wanaokuja maabara kujifunza mzunguko wa seli kwa kutumia hamira huwa na haraka ya kufika kwenye jeli, ile inayotenganisha protini kwa ukubwa. Wanataka kuona mistari ya protini, wapate cha kuweka kwenye ripoti. Ushauri wangu kwao ni uleule miaka yote: kama unafanya kazi na Cdc7, kaa kwanza kwenye hadubini mpaka ujue kusoma umbo la seli. Ukishajua, jifunze pia pale ambapo umbo hilo litakudanganya.

Kinasi ni kimeng'enya kinachochukua fosfati kutoka kwenye ATP na kuibandika kwenye protini nyingine. Fosfati hiyo inaweza kuiwasha protini, kuizima, au kuifanya ishikane na protini ya tatu. Katika Saccharomyces cerevisiae, hamira ileile ya kuumulia maandazi, kuna kinasi mbili ambazo bila hizo DNA haianzi kunakiliwa: Cdc28, inayofanya kazi ikiwa imeshikana na saiklini, yaani protini inayoiwasha, na Cdc7, ambayo haifanyi lolote bila mwenzake Dbf4.

Majina hayo ya Cdc, kifupi cha Kiingereza cha mzunguko wa mgawanyiko wa seli, yametoka kwa Leland Hartwell na wenzake waliokuwa Seattle. Walitafuta hamira zilizoharibika jeni moja tu, zinazoishi vizuri kwenye joto la chini lakini zinagoma kugawanyika joto likipanda. Kisha wakazitazama. Kila jeni iliyoguswa ilikuwa na umbo lake la kukwama, seli karibu zote zikisimama hatua moja. Ndiyo maana nasisitiza hadubini: fani nzima ilianzia hapo. Hartwell alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2001 pamoja na Tim Hunt na Paul Nurse. Nurse alikuwa ameifuatilia kinasi inayolingana na Cdc28, kwa jina la cdc2, kwenye hamira nyingine iitwayo Schizosaccharomyces pombe, na mwaka 1987 yeye na Melanie Lee wakaonyesha kwamba jeni ya binadamu inaweza kuziba pengo lake. Habari hiyo bado inanisisimua kila ninapoisimulia.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Hamira hii hugawanyika kwa kuchipuza. Seli isiyo na chipukizi bado iko mwanzoni. Chipukizi likianza kuonekana, unakili wa DNA nao uko karibu kuanza au umeanza. Chipukizi likiwa kubwa, seli iko karibu kugawa kiini. Chukua hamira yenye jeni ya cdc7 inayoharibika kwa joto, ikuze kwenye nyuzi 23, kisha ihamishie nyuzi 37. Usitarajie seli zote zisimame papo hapo. Zile ambazo tayari zimeshavuka hatua ya Cdc7 zitamaliza mgawanyiko wao kwanza, ndipo zikwame kwenye mzunguko unaofuata. Subiri saa mbili tatu, ndipo uweke tone kwenye kioo. Utaona seli zenye umbo la kibuyu: mama na chipukizi kubwa, wameungana kwenye shingo nyembamba. Paka DAPI, rangi inayong'arisha DNA, na utaona kiini kimoja tu, kimekaa karibu na hiyo shingo.

Hapa ndipo mtego ulipo. Chukua hamira ya kawaida, itie nokodazoli, dawa inayovunja nyuzi za kuvutia kromosomu. Nayo itakupa chipukizi kubwa na kiini kimoja. Ukitazama kwa jicho tu unaweza kuapa kwamba ni kitu kimoja. Tofauti iko kwenye DNA: seli za nokodazoli zimeshanakili kila kitu, zina DNA maradufu. Seli za cdc7 bado zina ile nakala moja, kwa sababu unakili haujaanza. Kwa hiyo mambo matatu yaandikwe pamoja daftarini, kila sampuli: ukubwa wa chipukizi, idadi ya viini na mahali vilipo, na kiasi cha DNA. Likikosekana moja, mimi sikubali hitimisho la mwanafunzi, hata kama jeli yake inapendeza kiasi gani.

Kiasi cha DNA tunakipima kwa mashine inayopitisha seli moja moja mbele ya leza. Seli zihifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 70, ondoa RNA kwa kimeng'enya chake, tia rangi inayong'aa, kisha zitenganishe kwa mawimbi ya sauti, maana seli mbili zilizogandana mashine huzihesabu kama moja yenye DNA nyingi. Na kuna jambo ambalo vitabu huligusa juu juu: seli zilizokwama zinaendelea kunenepa, na DNA ya mitokondria inaendelea kuongezeka. Kilele cha grafu kitasogea taratibu kuelekea kulia. Wageni wengi hudhani unakili umeanza kuvuja. Linganisha na seli zilizokwama kwa muda uleule kabla ya unakili, kwa mfano zile za cdc28, ndipo useme.

Ukifika hapo, jeli itakuwa na maana. Lakini usipoteze wiki ukipima wingi wa Cdc7, kwani haubadiliki sana mzunguko mzima. Kinachopanda na kushuka ni Dbf4, ambayo huvunjwavunjwa wakati wa mgawanyiko na kurudi kabla ya unakili. Fuatilia pia Mcm4, sehemu ya mashine ya Mcm yenye vipande sita inayofungua nyuzi mbili za DNA. Ikibandikwa fosfati, mstari wake hupanda juu kidogo. Mwaka 2010 Sheu na Stillman walionyesha kwamba ukikata kipande fulani cha mwanzo wa Mcm4, hamira inaweza kuishi bila Cdc7. Hata kabla yao, mwaka 1997, ilijulikana kwamba badiliko moja kwenye Mcm5, liitwalo bob1, linafanya vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba kazi kubwa ya kinasi hii ni kuondoa breki. Cdc28 nayo hubandika fosfati kwenye Sld2 na Sld3, protini za kuanzisha unakili, ili zishikane na mwenzao Dpb11, na wakati huohuo huzuia Mcm mpya zisipakiwe, ili DNA isinakiliwe mara mbili kabla seli haijagawanyika.

Ukitaka data safi, usianze na seli zilizochanganyika. Zisimamishe kwanza kabla ya unakili kwa alfa fakta, homoni ya kujamiiana ya hamira, kwenye nyuzi 23, hakikisha zimechongoka kama inavyotakiwa, zioshe, kisha ziachie kwenye nyuzi 37. Alfa fakta inafanya kazi kwa seli za jinsia ya a peke yake, kwa hiyo ulizia aina uliyopewa kabla ya kuimwaga, ni ghali. Tumia beseni la maji lenye joto kamili badala ya kabati la hewa, kwa sababu hewa huchelewa kupasha chupa.

Mwisho wa jaribio, rudisha seli kwenye nyuzi 23 na chukua sampuli kila dakika 10. Jaribio hili nalipenda kuliko yote. Hereford na Hartwell waliona mwaka 1974 kwamba seli za cdc7 zikirudishwa kwenye ubaridi hunakili DNA hata kama utengenezaji wa protini umezuiwa. Protini zote zinazohitajika zilikuwa tayari zimetengenezwa, zikingoja Cdc7 tu. Lifanye mwenyewe, ukiwa na chupa moja yenye sikloheksimidi, dawa inayozuia utengenezaji wa protini, na nyingine isiyo nayo, na usikose sampuli ya dakika sifuri.