Ukuta salama kwa mtu si lazima uwe salama kwa kamera: kwa wanaoanza kazi jirani na linaki

Ukipangiwa kazi tiba ya nyuklia (kitengo kinachotumia dawa zenye mionzi) au MRI (mashine inayopiga picha kwa sumaku), uliza mapema upande wa pili wa ukuta kuna nini. Kama kuna linaki, ile mashine inayochapua elektroni ili kutibu saratani, jirani yako ana makeke.

Utaambiwa ukuta umepimwa na ni salama. Kweli, kwa binadamu. Unene wake ulikokotolewa ili anayekaa nyuma yake asizidishe kiwango cha mionzi cha mwaka, kwa kawaida milisivati 1 kwa mwananchi. Kamera ya gama, ile ya tiba ya nyuklia, haisubiri mwaka. Fuwele yake hunasa fotoni (chembe za mionzi) mojamoja, na mionzi kidogo inayopenya zege, au inayotoka kupitia paa jembamba na kurudishwa chini na hewa, itaiona. Angalia hasa unapopima usawa wa picha baada ya kuvua kolimeta, lile bamba lenye matundu mbele ya fuwele: hesabu zimetulia, mara zinaruka, zinakaa juu kwa muda, zinashuka tena. Usikimbilie kumwita fundi wa kamera. Piga simu ng'ambo, uliza mwale uliwashwa saa ngapi na ulielekezwa wapi, kisha linganisha na saa zako.

Kwa MRI tatizo ni jingine. MRI ya tesla 1.5 husikiliza mawimbi hafifu mno ya karibu megahezi 64, na linaki nyingi hutumia karibu megahezi 3,000, hivyo mtu hudhani hazitagusana. Mkorofi ni modyuleta, sehemu ya linaki inayoilisha umeme kwa mapigo: mamia ya mapigo ya volti kubwa kila sekunde, na kila pigo hutawanya kelele kwenye masafa mapana. Kizimba cha shaba cha chumba cha MRI huzizuia, lakini mlango uliochakaa kingo, au waya uliopitishwa ukutani bila kichujio, unatosha kuzipitisha. Mimi hupima hivi: napokea mawimbi tu bila kurusha, chumba kikiwa kitupu, kwanza linaki imezimwa, halafu inatoa mwale. Mistari ikitokea kwenye picha mara ya pili tu, chanzo umekipata.

MRI nayo humsumbua jirani, maana sumaku hupinda njia ya elektroni. Hata hivyo ujirani huu unawezekana. Utrecht, Uholanzi, waliziunganisha mashine hizi mbili: walionyesha picha mwaka 2009, wakatibu wagonjwa wa kwanza 2017. Walibadili umbo la uga wa sumaku unaovuja, na linaki ikabaki nje ya kizimba. Yote hayo yalipangwa tangu kwenye michoro, kwa hiyo ukisikia kuna kikao cha jengo jipya, omba kuingia kabla zege halijamwagwa.