Fundi, niwaambie waniache?

Shikamoo Fundi. Tuko wanne, marafiki tangu chuo, na tumejiandikisha kwenye safari ya baiskeli ya kilomita 400. Ile ya 200 na ile ya 300 tulizimaliza pamoja. Tatizo ni mimi. Kila mlima nabaki nyuma peke yangu, nawakuta juu wamekaa wananingoja, na mmoja wao siku hizi hata haniangalii usoni. Ile ya 300 tulifika zikiwa zimebaki dakika 35 tu muda tuliopewa uishe, nikaona aibu. Nimewaza niwaambie watangulie, mimi nitafika nitakapofika. Mume wangu anasema nijitoe kabisa. Unanishauri nini?
Wa Mwisho

Marahaba, mwanangu. Umenieleza habari za milima, lakini hukuniambia mlikaa vituoni muda gani. Kabla hujajihukumu, fungua kile kifaa chako cha ramani uangalie ile safari ya 300. Kinaandika muda mliotembea na muda mliosimama. Naomba uniletee hiyo namba ya pili, maana naishuku sana.

Tupige hesabu. Kilomita 400 mnapewa saa 27. Mkinyonga kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa, ambao si wa kutisha, mtakuwa juu ya baiskeli saa 20. Zinabaki saa 7. Sasa chukua vituo vitano vya kugonga muhuri, pale kadi ya kila mmoja inapogongwa kuthibitisha kwamba amepita. Mkikaa dakika 50 kila kimoja, saa 4 na dakika 10 zimekwenda. Mkikaa dakika 20, ni saa 1 na dakika 40. Hapo mmeokoa saa mbili na nusu na hakuna aliyetoka jasho. Kuzipata saa hizo barabarani ingebidi mtoke kilomita 20 mfike karibu 23 kwa saa, mchana na usiku, mpaka mwisho. Wewe huwezi, na huyo anayekununia simwamini kwamba anaweza.

Mlima nao tuupime. Tuseme una urefu wa kilomita 8. Wewe unapanda kwa kilomita 10 kwa saa, dakika 48. Wao kwa 13, dakika 37. Wamekungoja dakika 11. Wanazitumiaje hizo? Kwa nilivyoona miaka yote hii, wanakaa chini, wanapiga picha, wanapoa. Ukifika ndipo mmoja anakumbuka koti, mwingine anakwenda kujisaidia, wa tatu anatafuta kitu cha kutafuna. Dakika 11 zimekuwa 20, na lawama zote zinakuja kwako. Au kinyume chake, ambacho ni kibaya zaidi: unafika tu, wanarukia baiskeli wakaondoka. Wao wamepumzika mara kumi kwa siku, wewe hata mara moja. Halafu mnashangaa kwa nini unazidi kuchoka kadiri safari inavyokwenda!

Wanaotangulia kileleni wana kazi ya kufanya: kula, kuvaa, kujaza maji, kujisaidia. Ukitokea wawe tayari, na wewe upewe dakika tatu kamili. Wewe kwa upande wako ule ukiwa unanyonga, usisubiri kusimama. Kwenye tambarare usishike zamu ya mbele hata moja. Sehemu kubwa ya nguvu za mtu huko huishia kupasua upepo, basi huyo mwenye mapaja ya chuma akae mbele akukinge, na akipokea zamu asiongeze kasi. Wenye nguvu wana ugonjwa huo: wakishika mbele tu wanapiga pedali kama wamefukuzwa, msururu unakatika, kisha wanageuka kuuliza uko wapi.

Kuhusu kuwaambia watangulie: mchana, kama njia unaijua na vifaa unavyo, sina ugomvi. Kila mmoja ana kadi yake na muhuri wake, na sheria haiwalazimishi kufika pamoja. Usiku nina neno.

Nilikuwa na miaka 41. Safari ya kilomita 600, tuko watatu, tumeondoka saa kumi na moja alfajiri. Mimi ndiye nilikuwa mwenye nguvu, na nilijua. Ili kupunguza uzito tuligawana vifaa, wazo langu mimi, fundi mzima: pampu nikabeba mimi, tyubu nne akabeba rafiki yangu mmoja, mtani wangu wa siku nyingi. Usiku wa saa tisa na nusu, tukiwa kilomita ya 351, yeye alikuwa nyuma. Niligeuka nisione taa yake. Nikamwambia mwenzangu, "Atakuwa amesimama kujisaidia, atatukuta." Tukaendelea hadi kituoni, kilomita 9 mbele, tukagonga muhuri saa kumi kamili au karibu na hapo. Tukangoja. Simu yake haikupatikana. Saa kumi na dakika 40 tukaondoka, kwa sababu mimi nilisema tuondoke.

Gurudumu lake la nyuma lilikuwa limepata pancha. Tyubu anazo nne, hana cha kujazia upepo. Alisukuma baiskeli kwa miguu hizo kilomita 9 gizani, akafika kituoni dakika 20 baada ya kufungwa. Safari yake ikaishia hapo. Sisi wawili tulimaliza kwa saa 38, muhuri ninao. Mwaka mzima yule mtu hakunitania.

Kwa hiyo gizani mhesabiane taa, na kila mmoja abebe pampu yake na tyubu zake, hata kama mzigo unaongezeka nusu kilo. Na hayo mazungumzo ya nani anamngoja nani, mkayafanye kabla ya siku yenyewe, mkiwa mmeshiba na mmelala. Muulizeni kila mtu: anataka kufika kwa muda mzuri, au anataka kufika na nyie? Anayetaka muda aseme, aende zake salama na msimnunie. Pengine huyo asiyekuangalia usoni anatamani kuulizwa tu.

Mkivuka hii, kuna safari moja ingewafaa sana, inaitwa Flèche. Ni ya saa 24, timu ya baiskeli 3 hadi 5, angalau kilomita 360, na hamruhusiwi kusimama mahali pamoja zaidi ya saa 2. Wasipofika angalau watatu pamoja, timu haihesabiwi. Humo mtu mwenye mbio akiwaacha wenzake anajikomoa mwenyewe. Nadhani ndiyo safari yenye sheria ya maana kuliko zote, ila mimi nina upendeleo, na sababu nimekwishaieleza.

Mumeo msalimie. Usijitoe.

*

Fundi, tunakwenda 600 na mwenzetu mmoja ameapa hatutalala. Anasema Mfaransa Charles Terront alishinda Paris-Brest-Paris, yale mashindano ya baiskeli ya kutoka Paris hadi Brest na kurudi, mwaka 1891 bila kulala. Ni kweli?
Mwenye Usingizi

Ni kweli. Alitumia saa 71 na dakika 22 kwa kilomita 1,200 hivi, na alimpita mpinzani wake Jiel-Laval usiku, yule akiwa amelala. Mimi hufurahia zaidi habari ya tairi zake: za upepo, za Michelin, zenye kuvuliwa ili kuzibwa pancha, kitu kipya kabisa wakati huo. Lakini Terront alikuwa mshindani wa kulipwa. Nyie mna saa 40, na hakuna anayewafukuza.

Laleni. Hata dakika 20 kando ya barabara, pahali salama, zinarudisha akili. Kunywa kahawa kwanza kisha ujilaze, kwa sababu kahawa nayo huchukua muda kama huo kufanya kazi, utaamka inakupokea. Wakati mbaya ni kati ya saa tisa usiku na mapambazuko. Mkiona gurudumu la mmoja linayumba, au ameacha kujibu maswali, wote mnasimama. Asiulizwe kama yuko sawa, atasema yuko sawa. Magurudumu yakigusana, anayelala humwangusha asiyelala. Huyo mwenye kiapo mwekeni mbele mchana, usiku mumpe blanketi.

*

Shikamoo Fundi. Baada ya safari ya 300 vidole vyangu viwili vya mwisho, kidogo na cha pete, vimekufa ganzi. Wiki ya pili sasa, kufunga vifungo vya shati ni tabu. Nivae glavu nene zaidi?
Vifungo

Marahaba. Huo ni mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja upande wa kidole kidogo. Umeubana kwa saa nyingi juu ya usukani. Kwa kawaida ganzi huondoka taratibu, lakini ikiwa hata kubana kitu vidole vinashindwa, nenda kwa daktari, usije kwangu. Kwangu leta baiskeli. Nitainua usukani kidogo na kuurudisha karibu nawe, nitaangalia kama kiti kimeinamia mbele maana hapo uzito wote huhamia mikononi, na nitapunguza upepo kwenye tairi zako, ambazo nahisi umezijaza mpaka zinalia. Barabarani ubadilishe mshiko kila baada ya dakika chache, hata kama hujasikia maumivu.

Glavu nene hapana. Huwa zinakufanya uukabe usukani zaidi. Nilivaa mbili mbili safari moja, nikarudi nyumbani nashindwa kugeuza ufunguo mlangoni.