Jibu: Matone ya ganzi ya jicho si ya kupeleka nyumbani

Dada, umeuliza kama shemeji yako, fundi wa kuchomelea vyuma huko Changamwe, anaweza kujinunulia matone yaleyale aliyotiwa alipotolewa kibanzi cha chuma jichoni, kwa kuwa yalimwondolea maumivu mara moja. Asiyanunue, wala asikubali kupewa chupa iliyobaki.

Matone hayo, kwa kawaida tetrakaini au proksimetakaini, huwasha kidogo yanapoingia, kisha jicho hufa ganzi chini ya dakika moja na kubaki hivyo kwa takriban dakika 15 hadi 20, muda unaomtosha daktari kupima presha ya jicho au kutoa kibanzi. Yakirudiwa rudiwa nyumbani, huziharibu chembe za konea, yaani ule utando angavu wa mbele, huzuia kidonda kupona, na huficha maumivu ambayo yangemjulisha mgonjwa kwamba hali inazidi kuwa mbaya. Wapo waliopoteza uwezo wa kuona kwa njia hii.

Hata baada ya tone moja la kliniki, asifikiche jicho wala asivae lenzi mpaka ganzi iishe, maana anaweza kujikwaruza asihisi (na upepo wetu wa pwani hauna uhaba wa mchanga). Kwa maumivu yanayobaki, amwombe daktari dawa ya kumeza, na matone ya antibayotiki ya kuzuia maambukizi. Maumivu yakizidi au uoni ukififia, arudi kliniki siku hiyohiyo.