Maswali ya Wasomaji: Nitajuaje Kama Bei ya Fundi ni ya Haki?

Swali: Tuna nyumba Tabata, Dar es Salaam, iliyojengwa mwaka 2009, yenye sebule na vyumba vitatu vya kulala. Tunataka kupaka rangi ndani yote, kuweka marumaru mpya sebuleni na kubadilisha dari la sebule liwe la jipsamu. Tumewaita mafundi watatu. Wa kwanza ametaja shilingi 3,900,000 kwa kila kitu, akasema tusihangaike na chochote. Wa pili anataka shilingi 1,400,000 za ufundi tu, vifaa tununue wenyewe. Wa tatu ameleta karatasi mbili zenye mchanganuo na jumla ya shilingi 6,200,000. Humo ameandika ndoo tano za rangi za lita 20, maboksi 21 ya marumaru za sentimita 60 kwa 60, na kazi ya kubomoa na kupiga lipu upya sehemu ya chini ya kuta mbili ambazo rangi yake inabambuka. Mume wangu anasema tumchukue wa kwanza kwa kuwa yuko katikati. Je, ni nani aliyetupa bei ya haki?
*Msomaji, Tabata*

Jibu: Dada yangu, bei hizo tatu haziwezi kushindanishwa, kwa sababu ni bei za kazi tatu tofauti. Mmoja anauza ahadi, mwingine anauza mikono yake, na wa tatu anauza kazi ambayo wenzake hawakuitaja kabisa, yaani matengenezo ya kuta zinazobambuka. Kumchagua aliye katikati ni kuamini kwamba haki hukaa katikati ya namba, ilhali namba zenyewe hazijapimwa kwa kipimo kimoja.

Anza na futikamba. Kabla ya kumwita fundi wa nne, au kurudi kwa yeyote kati ya hawa, pima nyumba yako mwenyewe. Nalisisitiza hili kuliko lolote jingine, kwa kuwa mwenye nyumba asiyejua ukubwa wa kuta zake hana njia ya kujua kama anapunjwa au anatendewa haki. Anabaki kumtazama fundi usoni na kukisia. Tuchukue mfano wa chumba cha mita 4 kwa 3.5, chenye kuta za kimo cha mita 2.8. Mzunguko wake ni mita 15, na ukizidisha kwa kimo unapata mita za mraba 42. Toa mlango na madirisha, zinabaki kama 37. Vyumba vitatu vya namna hiyo ni mita za mraba 111. Sebule ya mita 5 kwa 4.5, baada ya kutoa milango na madirisha, ina kama 45, na korido tuikadirie 20. Jumla ni mita za mraba 176.

Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, endapo ukuta ni laini na ulikwishapakwa rangi zamani. Lipu mpya hunywa zaidi. Kwa mikono miwili, nyumba ya vipimo hivyo inahitaji kama lita 35, yaani ndoo mbili za lita 20 na rangi kidogo ikabaki. Hata kama mnatoka kwenye rangi iliyokolea kwenda nyeupe na mkalazimika kupaka mikono mitatu, hamfiki ndoo tatu kamili. Fundi wa tatu ameandika tano. Usimtuhumu kabla ya kumuuliza, kwa maana huenda amehesabu dari za vyumba au kuta za nje ambazo hamkuzikusudia. Lakini swali hilo lazima uliulize, na jibu lake litakufunza mengi kuhusu mtu mwenyewe.

Sasa tazama marumaru zake. Marumaru moja ya sentimita 60 kwa 60 ina mita ya mraba 0.36, na boksi lenye marumaru nne lina mita za mraba 1.44; idadi huandikwa ubavuni mwa boksi, kwa hiyo isome kabla ya kununua. Sebule ya mita za mraba 22.5, ukiongeza asilimia 10 ya zitakazokatwa na kuvunjika, inataka maboksi 18. Kama skatingi, yaani ukanda wa chini ya kuta, itakatwa kutoka kwenye marumaru hizo hizo, ongeza kama mawili. Maboksi 21 basi ni hesabu ya mtu aliyepima. Unaona faida ya mchanganuo: karatasi hiyo hiyo imekuonyesha mahali palipozidi na mahali palipo sawa, na mnaweza kuzungumza juu ya ndoo mbili bila kuvunja makubaliano yote. Bei ya jumla ya fundi wa kwanza haikupi nafasi hiyo. Inaweza kuwa ya haki kabisa, lakini hakuna anayeweza kuithibitisha, hata fundi mwenyewe.

Nije kwenye kuta zinazobambuka, maana hapo ndipo hela nyingi hupotea katika nyumba zetu za Pwani. Rangi ikibambuka sehemu ya chini ya ukuta na kuacha unga mweupe unaofanana na chumvi, kwa kawaida ni maji ya ardhini yanayopanda ndani ya tofali, yakibeba chumvi. Maji yakikauka juu ya ukuta, chumvi huganda na kuisukuma rangi itoke. Huenda msingi haukuwekewa kizuizi cha unyevu, au udongo wa nje umepanda kuliko sakafu ya ndani, au bomba la mvua linamwaga maji kwenye kona ya nyumba. Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi pande zote nne na kikae siku mbili. Ukikuta matone upande unaogusa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta, na hakuna rangi, hata iwe ya bei gani, itakayokaa hapo. Fundi anayekupa bei ndogo kwa kukwangua na kupaka juu yake anakuuzia kazi ile ile mara mbili, kwani mvua za masika zikipita utamwita tena. Mimi niliwahi kukubali bei ya namna hiyo kwa chumba kimoja, na kabla mwaka haujaisha ukuta ulikuwa umerudi kama ulivyokuwa.

Hata hivyo, yule wa tatu naye ana la kujibu. Kubomoa lipu na kupiga nyingine hakutoshi kama chanzo cha maji hakijashughulikiwa, kwa hiyo muulize atafanya nini nje ya ukuta, na muulize lipu mpya itakauka kwa muda gani kabla ya kupakwa. Lipu inahitaji wiki tatu hadi nne. Kama ratiba yake inaonyesha lipu Jumatatu na rangi Ijumaa, bei yake kubwa haijanunua kazi bora.

Kuhusu fundi wa pili, bei ya ufundi pekee ndiyo ninayoipenda zaidi kwa mwenye nyumba aliye na muda wa kwenda dukani, kwa sababu inatenganisha vitu viwili ambavyo vikichanganywa huzaa cha juu. Lakini ipime kwa siku na kwa watu. Muulize atakuja na mafundi wangapi, saidia fundi wangapi, na kazi itachukua siku ngapi, kisha gawanya. Ukipata ujira wa siku unaokaribiana na ule wanaolipwa mafundi wa mtaa wenu, bei ni ya haki. Ukipata ujira mdogo mno, usifurahi, kwa kuwa fundi huyo ataondoka katikati ya kazi akipata nyingine yenye malipo bora, au atafidia kwa kuchanganya maji mengi kwenye rangi. Mtu huyo naye analipa nauli, anakula, na ana watoto wa kusomesha. Bei inayomuumiza yeye itakuumiza na wewe. Kwa marumaru na dari, uliza bei ya ufundi kwa mita ya mraba, na waulize majirani wawili waliofanya kazi kama hiyo hivi karibuni walilipa kiasi gani.

Ninachokushauri ni hiki: andika karatasi moja, wape wote watatu karatasi ile ile, na waombe bei mpya. Iandike kazi chumba kwa chumba pamoja na vipimo ulivyopima, taja aina ya rangi na idadi ya mikono, sema kama kuta zitapigwa skimingi (tabaka laini la juu ya lipu) na msasa au hapana, taja ni nani anayehamisha na kufunika samani, nani anaondoa kifusi cha dari la zamani, nani analipa usafiri wa vifaa. Taja pia taa. Mara nyingi ndani ya bei ya dari la jipsamu haimo kazi ya umeme, na mwenye nyumba huligundua hilo dari likiwa limekwisha kufungwa. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na bei yake isimame peke yake. Kama mmoja wao ni kampuni iliyosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, uliza kama kodi hiyo imo ndani ya bei au itaongezwa mwishoni. Fundi wa kwanza akikataa kuchanganua bei yake kwa kisingizio kwamba kila kitu kimo, mshukuru na umwache aende.

Swali: Ninafanya kazi Muscat na ninakarabati nyumba ya wazazi wangu iliyoko Tanga. Mdogo wangu ndiye msimamizi. Bei aliyonitumia kutoka kwa fundi inaonekana kubwa, na fundi anataka asilimia 70 kabla ya kuanza. Sitaki kumvunjia heshima mdogo wangu. Nifanyeje?
*Msomaji, Muscat*

Jibu: Ndugu yangu, swali lako lina mambo mawili, na lile gumu ni la mdogo wako, kwa hiyo nalianza. Ulimpa kazi ya kusimamia ujenzi, kazi inayokula siku zake na nauli yake, na katika barua yako hukutaja kuwa unamlipa. Msimamizi asiyelipwa waziwazi hujilipa kimyakimya ndani ya bei, na wala haoni kuwa ameiba. Mpangie posho ya kila wiki, itamke mbele ya wazazi, kisha mwambie kwamba tangu sasa vifaa utavilipia wewe dukani moja kwa moja. Hapo hujamtuhumu, na mlango umefungwa.

Ili hilo liwezekane, omba mchanganuo wa vifaa bila bei. Idadi peke yake: mifuko mingapi ya simenti, mabati mangapi na ya geji gani, ndoo ngapi za rangi na za aina gani. Orodha hiyo itume kwa maduka mawili au matatu ya vifaa vya ujenzi hapo Tanga, wakuletee ankara kifani (proforma), nawe ulilipe duka kwa simu au benki na kudai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye orodha kamili. Mdogo wako apokee mzigo na kuuhesabu mlangoni. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mtu aliye ng'ambo ni risiti na picha zenye futikamba ndani yake, ili uone urefu wa kilichojengwa badala ya uzuri wa picha.

Kuhusu asilimia 70, hapana. Fundi ana haki ya kudai malipo ya awali, kwa sababu hawezi kukukopesha kazi yake. Lakini kama vifaa unavilipia wewe, hana tena sababu ya kudai sehemu kubwa ya hela kabla ya kushika mwiko. Gawa ufundi kwa hatua zinazoonekana kwa macho: sehemu ndogo ya kuanzia, nyingine paa likikamilika, nyingine lipu ikimalizika, na sehemu ya kumi ya mwisho ibaki mkononi mwako hadi wiki mbili baada ya kukabidhiwa, mvua iwe imenyesha juu ya paa hilo au choo kiwe kimetumika. Fundi anayejiamini huwa hapingi sehemu hiyo ya kumi. Hubishania tarehe ya kuipata, na hapo mpe tarehe iliyoandikwa.

Swali: Fundi alinipa bei ya dari, nikakubali, akaanza. Baada ya kubomoa la zamani ameniongezea shilingi 800,000 akisema mbao zimeliwa na mchwa. Je, si wizi huu?
*Msomaji, Morogoro*

Jibu: Huenda si wizi. Tofautisha kilichofichika na kilichosahauliwa. Mbao zilizo juu ya dari hazionekani mpaka dari lishuke, kwa hiyo gharama yake ni yako. Lakini kama ndani ya hizo 800,000 kuna misumari, jukwaa la kupandia au usafiri, vitu ambavyo fundi yeyote hujua tangu siku ya kwanza kuwa vitahitajika, hivyo ni vyake. Panda ngazi mwenyewe, au mpandishe mtu unayemwamini, na mchome kila ubao kwa bisibisi. Uliooza utazama, ulio mzima utagoma. Hesabu zilizozama, pima urefu wake, ulizia bei ya ubao wa ukubwa huo pamoja na dawa ya mchwa kwenye duka lililo karibu nawe, halafu rudi kwa fundi na idadi hiyo mkononi kabla hajapigilia ubao mpya hata mmoja.