Dada, watoe hao Eevee kituoni kwanza utazame lugha zao

Dada uliyeandika kutoka Jinja, watoe hao Eevee wawili, viumbe wa mchezo wa Pokémon, katika kituo cha kulelea (pale mchezoni ambapo viumbe wawili huachwa watage) sasa hivi, kabla hujapokea yai hata moja. Umesema kwamba umewanunua kwa shilingi 80,000, kwamba wote wawili ni wa rangi adimu, yaani isiyo ya kawaida kwa aina yao, na kwamba unatarajia watoto wao watoke na weupe uleule. Katika Pokémon Sword unaoucheza, rangi ya wazazi haimsaidii mtoto kwa lolote. Ninalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa kosa hilohilo lilinila miezi mitatu mizima.

Mimi nilimtaka Charizard, kiumbe mwingine wa mchezo huo, aliye mweusi, yaani wa rangi adimu. Nilipokuwa Kampala, kijana mmoja anayeuza michezo aliniuzia Charizard mweusi pamoja na Ditto (kiumbe anayeweza kuzaa na karibu kila aina) wa buluu, naye wa rangi adimu, kwa shilingi 150,000, akanihakikishia kwamba adimu huzaa adimu. Nilimwamini upesi kwa sababu mjomba wangu alikuwa akifuga njiwa kule Bombo, na kwake dume jeupe na jike jeupe walitoa makinda meupe mwaka hadi mwaka. Niliporudi Arua niliwaweka wawili hao katika kituo cha barabara ya mchezoni iitwayo Route 5, nikamtia kiumbe Carkol kikosini kwa sababu mwili wake wa moto hupunguza kwa nusu hatua za kuangua yai, kisha nikaanza kuzunguka kwa baiskeli ya mchezoni usiku baada ya usiku. Kila yai lilipopasuka nilisogeza uso hadi kwenye kioo, kwa maana Charmander, ambaye ndiye mtoto wa Charizard, kwa kawaida ni wa rangi ya chungwa na yule adimu huelekea tu manjano ya dhahabu, na mtu aliyechoka anaweza kumwachilia bila kumtambua. Nilikuwa na daftari la kurasa 96 ambamo nilichora mstari mmoja kwa kila yai, na kila mistari minne niliikata kwa wa tano. Mistari ilipofika 1,200 hapakuwa hata na mmoja niliouzungushia duara.

Kinachoniudhi hadi leo ni kwamba aliyenipotosha hakubuni uongo wake, bali aliuza sheria iliyokwisha kufa. Katika Gold na Silver, michezo ya zamani ya Pokémon iliyotoka Japani mwaka 1999, rangi adimu ilitegemea namba za nguvu za kiumbe, na kwa kuwa mtoto alirithi baadhi ya namba hizo, mzazi wa rangi adimu aliweza kumpa nafasi ya 1 kati ya 64. Tangu Ruby na Sapphire za mwaka 2002 mambo yalibadilika: kila kiumbe hupewa namba yake mwenyewe, namba hiyo hulinganishwa na namba za mchezaji, na rangi ya mama au baba haiulizwi. Mtu anayepokea fedha za wenzake kwa kazi hii ana wajibu wa kujua jambo hilo. Kama hakulijua, asingefungua mdomo; na kama alilijua, basi alinidhulumu, na ninaona kwamba aliyekuuzia wewe amefanya vilevile.

Kanuni ninayokusihi uishike ni kwamba wazazi wawili lazima watoke katika michezo iliyoanzishwa kwa lugha mbili tofauti. Wachezaji huiita njia ya Masuda, kwa jina la Junichi Masuda, aliyekuwa wa Game Freak, kampuni inayotengeneza michezo hii, nayo ilianza na Diamond na Pearl mwaka 2006. Wazazi wangu wote wawili walitoka katika michezo ya Kiingereza, kwa hiyo kila yai lilikuwa na nafasi ya 1 kati ya 4,096, na katika mayai yote 1,200 uwezekano wa kupata angalau mmoja ulikuwa kama robo tu. Lugha zingetofautiana, nafasi ingekuwa 1 kati ya 683 hivi kwa kila yai, na mayai yaleyale yangenipa uwezekano wa zaidi ya asilimia 80. Ukiwa na hirizi wanayopewa waliokamilisha orodha ya viumbe 400 wa Galar, nchi ya mchezo wa Sword, nafasi hupanda hadi 1 kati ya 512.

Angalia pia kwamba kinachohesabiwa ni lugha ya mchezo wala si nchi ya mchezaji. Eevee wa Mkenya na Eevee wa Mganda, wote wakiwa wa Kiingereza, ni sawa na ndugu wa nyumba moja. Mimi dawa yangu ilikuwa mlango wa pili. Jirani yangu ni Mkongomani wa Bunia ambaye huongea nami Kiswahili kila siku, nami sikuwahi kumuuliza lugha ya mchezo wake, kumbe aliuanzisha kwa Kifaransa. Alinipa bure Ditto wa zambarau, wa kawaida kabisa, ambaye jina lake kwenye kioo changu lilisomeka Métamorph. Nilimtoa yule wa buluu, nikamwacha Charizard palepale, na katika yai la 391 nikamwona Charmander wa manjano akitokea na zile nyota zinazomzunguka. Daftari bado ninalo.

Uliuliza pia habari za tabia na mpira wa kumtunzia, lakini hayo yanaweza kusubiri. Bakiza Eevee mmoja tu, mtafute Ditto wa mtu anayecheza kwa Kifaransa, Kijapani au lugha nyingine yoyote isiyo Kiingereza, na usimlipe mtu eti kwa sababu Ditto wake ana rangi. Ukishampata, niandikie jina lake kama lilivyoandikwa kwenye kioo chako kabla hujalipokea yai la kwanza.