Mfupa unakufaje na mimi niko hai?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 26, naishi Tanga. Nina sikoseli tangu utotoni na natumia dawa yake, haidroksiyurea. Tangu mwezi wa tatu naumwa kinena cha kulia, maumivu yanashuka mpaka gotini. Nilidhani ni yale maumivu yetu ya siku zote. Eksirei ya kwanza ilisema sina tatizo. Sasa nimepiga MRI, karatasi imeandikwa AVN hatua ya pili, nikaambiwa kichwa cha mfupa wa paja kimekufa. Mfupa unakufaje na mimi niko hai? Utaoza? Mama ananipikia supu ya kongoro kila siku na ameninunulia vidonge vya kalsiamu. Je, ni lazima nibadilishwe nyonga? Hata kusujudu sasa ni shida.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana.

Mfupa una uhai kama ilivyo ngozi au ini. Ndani yake mna chembe hai na uboho, na vyote hulishwa na damu. Kichwa cha mfupa wa paja, lile tufe linalozunguka ndani ya kikombe cha nyonga, kimekaa mahali pagumu: karibu damu yake yote hupita kwenye mishipa myembamba inayopanda shingoni mwa mfupa, na hakuna njia ya mchepuko ya maana. Ndiyo sababu nyonga ikichomoka kwenye ajali ya bodaboda tunakimbizana na saa kuirudisha. Kwako hakuna kilichochomoka wala kuvunjika. Chembe nyekundu za sikoseli zikipungukiwa oksijeni hujikunja kama mundu, hukakamaa, zikasongamana kwenye vijishipa vya ndani ya mfupa. Na mfupa ni sanduku lililofungwa. Presha ikipanda humo ndani uboho hauna pa kutanukia, hata ile damu iliyokuwa ikipita kwa shida hubanwa. Sehemu iliyokaa bila damu hufa. AVN kwenye karatasi yako maana yake ni hiyo tu: mfupa kufa kwa kukosa damu.

Hautaoza. Kuoza kunataka vijidudu, na hapo hakuna. Si saratani pia, na ugonjwa hautasambaa kushuka chini ya paja.

Sasa nikueleze jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi. Mfupa haubomoki siku unapokufa. Unaendelea kukubeba, kama boriti kavu inavyobeba paa. Hatari huja mwili unapoanza kuutengeneza. Chembe za ukarabati huingia kutoka pembeni, kundi moja linakula mfupa mkavu, jingine linajenga mpya, na kula huenda haraka kuliko kujenga. Ni kama fundi anayebadilisha nguzo za nyumba bila kushusha paa: amekwisha kung'oa tatu, amesimamisha moja, na watu wanapitapita humo ndani. Hapo ndipo nyonga inakuwa dhaifu kuliko wakati wowote. Mfupa ulio chini ya gegedu, ule utando laini unaofunika tufe, hukatika, na kwenye eksirei tunaona mstari mwembamba mweusi uliopinda, kama mwezi mwandamo. Hilali hiyo ikionekana, tumeingia hatua ya tatu, na tufe linaanza kubonyea. Hatua ya nne ni pale kikombe nacho kinapolika.

Nimevitoa vichwa vingi vya hatua ya tatu kwenye upasuaji. Kwa nje gegedu bado ni jeupe na linang'aa, maana lenyewe hulishwa na ute wa kiungo, halingoji damu. Ukikibonyeza kwa dole gumba kinaingia ndani, kama kampira ka tenisi ya meza. Ukikipasua kwa msumeno unakuta kabari ya njano, kavu kama chaki unayoandikia ubaoni, na juu yake ufa ulioachia. Wewe hujafika huko. Hatua ya pili maana yake tufe lako bado ni duara, na juhudi zote sasa ni kulilinda libaki hivyo.

Eksirei ya kwanza haikukudanganya. Mfupa uliokufa una kalsiamu ile ile uliyokuwa nayo ukiwa hai, na eksirei huona kalsiamu, haioni damu. Miezi ya mwanzo picha huwa safi kabisa. MRI ndiyo inayoona mapema. Na hapo hapo ndipo lilipo jibu la mama yako. Kalsiamu ya mfupa wako haikupungua, kilichokatika ni njia ya damu, kwa hiyo vidonge vile havina cha kuongeza mahali hapo. Supu ya kongoro ni chakula kizuri, mwambie mama aendelee kupika kwa mapenzi yake, lakini fedha ya vidonge aiweke akiba ya nauli ya kliniki.

Ninachosikitikia ni miezi iliyopotea. Watu wa sikoseli wamezoea kuumwa, nasi watabibu tumezoea kuwaambia ni maumivu yao ya kawaida. Lakini maumivu ya kawaida hupiga sehemu kadhaa, siku chache, kisha hutulia. Haya ya nyonga hukaa pale pale kwa wiki, hukamata kinena, na huzidi ukikanyaga, ukipanda ngazi ya daladala, ukichuchumaa chooni. Mwingine huyasikia gotini peke yake, akapigwa picha ya goti mara tatu bure. Yeyote mwenye sikoseli anayesoma hapa akiwa na dalili hizo aombe nyonga zake zichunguzwe, zote mbili. Na wewe muulize daktari wako kama MRI ilichukua upande wa kushoto pia, kwa sababu mara nyingi nao umeguswa kabla haujauma. Wengine huanzia begani.

Tufanye nini? Kwanza uzito. Unapotembea, kila unaposimama kwa mguu mmoja, nyonga hubeba kati ya mara mbili na nusu na mara tatu ya uzito wako. Una kilo 55? Nyonga inabeba takriban 150. Tafuta fimbo, na uishike mkono wa kushoto, yaani upande usiouma. Wengi hushika upande unaouma, na hapo msaada wake hupungua mno. Mwombe mwalimu mkuu ufundishe ukiwa umekaa. Nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia akupe mazoezi ya misuli ya nyonga, usiyadharau. Kuna upasuaji mdogo wa kutoboa tundu kwenye shingo ya mfupa ili kupunguza presha, na mimi naufanya, ila sitakuuzia kama muujiza. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliwagawa wagonjwa wa sikoseli wenye tatizo lako: wengine mazoezi peke yake, wengine kutobolewa pamoja na mazoezi. Baada ya takriban miaka mitatu matokeo hayakutofautiana kwa maana. Walikuwa wachache, chini ya 50, lakini ukipewa tarehe ya kutobolewa una haki ya kuuliza utapata nini zaidi ya mazoezi.

Kubadilishwa nyonga si lazima leo. Tufe likibonyea na maumivu yakakunyima usingizi, tutaongea. Upasuaji huo unafanyika hapa nchini. Kwa wagonjwa kwa jumla, zaidi ya nusu ya nyonga bandia hudumu miaka 25, lakini kwa sikoseli hatari ya maambukizi na kulegea ni kubwa zaidi, na mara nyingi huhitaji kuongezewa damu kabla. Kwa umri wako, kila mwaka unaoutunza mfupa wako mwenyewe ni faida.

Haidroksiyurea usiiache. Haijathibitika kwamba inaufufua mfupa, ila inapunguza mashambulio ya maumivu ya sikoseli. Diklofenaki, dawa ya maumivu, usiimeze miezi na miezi, figo zako tayari zina kazi. Na tafadhali, sindano za maumivu za duka la dawa na vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa mitaani uvikatae: mara nyingi ndani yake mna deksamethasoni, steroidi, na steroidi huua mfupa huu huu hata kwa mtu asiye na sikoseli. Ukipata homa na paja likawa la moto au likavimba, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa mfupa wa sikoseli huingiliwa na vijidudu kwa urahisi, na hilo halingoji kliniki ya mwezi ujao.

Kuhusu kusujudu: uswali ukiwa kitini. Anayeumwa ameruhusiwa kuswali ameketi, na shehe wako atakuelekeza namna ya kuinama. Mimi nichague kiti tu: kiwe kirefu kidogo, magoti yakae chini ya usawa wa nyonga, na unapoinuka jisukume kwa mikono, usianzie mguu wa kulia.