Wadogo zangu wa maabara, tajeni seli kwanza

Kila tukipitia maandiko ya utafiti, kosa ni lile lile: mtu anaandika "uhariri wa jeni za binadamu", halafu anataka sheria moja ibane yote au ilegeze yote. Tafadhali, tulieni.

1. Sema unahariri seli gani. Tiba ya selimundu iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023, na Marekani mwezi uliofuata, inagusa seli shina za damu za mgonjwa mwenyewe. Zinavunwa, zinakatwa DNA nje ya mwili kwenye swichi ya BCL11A, jeni inayozima hemoglobini ya kijusi, ili hemoglobini hiyo irudi, mgonjwa anapewa busulfani, dawa ya kemotherapi, kuondoa uboho wake, kisha anarudishiwa seli zenye CD34 (alama ya seli shina za damu) zisizopungua milioni 3 kwa kila kilo ya uzito. Yakitokea madhara, hayarithiwi. Ila busulfani inaweza kuharibu uzazi, kwa hiyo fomu ya ridhaa itaje kuhifadhi manii au mayai kabla ya dozi ya kwanza.

2. Kiinitete ni habari nyingine kabisa, na hapa naomba mkae na kidonda hiki. Novemba 2018, He Jiankui wa Shenzhen alitangaza kuzaliwa kwa mapacha aliowahariri jeni ya CCR5, inayotengeneza mlango ambao VVU wengi huutumia kuingia kwenye seli, ili wasipate VVU. Baba alikuwa na VVU, mama hana. Kuosha manii, yaani kutenga mbegu na majimaji yenye virusi, peke yake kulitosha kumkinga mtoto. Fomu ya ridhaa ya kurasa 23 iliuita mradi huo utengenezaji wa chanjo ya UKIMWI. Mzazi anayesoma "chanjo" ataelewaje kwamba mwanawe anabadilishwa, na wajukuu pia? Lengo lilikuwa kuiga ufutaji wa asili wa besi (herufi za DNA) 32 unaofunga mlango huo. Hakuna pacha aliyeupata. Kwa takwimu zake mwenyewe, mmoja alipoteza besi 15 kwenye nakala moja, nyingine ikabaki nzima, yaani mlango wa kirusi uko wazi. Tena kuna VVU wanaopita mlango mwingine, CXCR4. Na msidhani kipimo kabla ya kupandikiza kingeokoa jahazi: kwa kawaida huchukuliwa seli chache za upande utakaokuwa kondo la nyuma, wakati kiinitete kinaweza kuwa na mchanganyiko wa seli zilizohaririwa na zisizohaririwa. Kibali cha maadili kilighushiwa. Alifungwa miaka 3 na kutozwa faini ya yuan milioni 3, lakini watoto hawana rufaa.

3. Mkipima matokeo ya mkato kwa PCR, praima (vipande vifupi vya DNA ambapo unakili huanzia) zikikaa karibu mno na mkato, ufutaji wa maelfu ya besi unaondoka na mahali pa praima. Nakala nzima pekee ndiyo itaonekana, nawe utaandika "safi".

4. Panga bajeti ya kumfuatilia mgonjwa hadi miaka 15.

5. Tanzania anzeni NIMR (taasisi ya utafiti wa magonjwa), kisha TMDA (mamlaka ya dawa) kwa majaribio ya tiba. Kenya, NACOSTI (tume ya sayansi) na bodi ya dawa. Foleni hiyo inachosha, najua. Itetee hata hivyo. Mimi nataka upandikizaji wa kiinitete kilichohaririwa upigwe marufuku, na tiba ya seli za mwili ipite kwa masharti makali, kwa sababu nchi zetu zina watoto wengi wa selimundu, na tiba ile Marekani inauzwa dola milioni 2.2. Tukifunga milango yote miwili kwa kufuli moja, hatutafundisha hata fundi mmoja wa kuitengeneza hapa kwa bei nafuu.